Tesla Model 3 au Hyundai Ioniq 6: kisa cha muuguzi wa zamu ya usiku, Minnesota

Ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaoishi Marekani wananipigia mara kwa mara na swali moja: kati ya gari hili la umeme na lile, lipi bora? Nami huwarudishia maswali yangu. Gari litalala wapi? Nani ataliendesha, na saa ngapi? Utalinunua au utalikodi kwa mkataba? Kisa hiki kinaonyesha kwa nini naanzia hapo. Familia moja ilikuwa na magari mawili mbele yake, yanayolingana karibu kwa kila kitu kilichoandikwa kwenye kipeperushi. Jibu lilikuja kutoka kwenye ratiba ya kazi, boksi la umeme la nyumbani na kifungu kimoja cha mkataba.

Wahusika wameridhia kisa chao kiandikwe. Majina, mji, hospitali, wauzaji na kampuni ya bima nimeviondoa, na hesabu za fedha za nyumbani kwao nimezizungusha.

Usuli

Mume na mke, watoto wawili wa shule, na mama mzaa mume ambaye anakaa nao. Wana nyumba yao ya safu katika viunga vya Minneapolis, yenye banda la gari lililoungana na nyumba lakini lisilo na joto. Mke ni muuguzi wa zamu za usiku: saa moja jioni mpaka saa moja asubuhi, zamu tatu kwa wiki, kwa kawaida Jumapili, Jumatatu na Jumanne. Kwenda hospitali na kurudi ni maili 52. Mume anafanya kazi ghalani karibu na nyumbani, na Jumamosi na Jumapili mchana hubeba abiria kwa programu ya simu, hasa wa uwanja wa ndege.

Walikuwa na magari mawili. La kwanza ni gari kubwa la familia ambalo mume huendea kazini na kubebea watoto. La pili ni Toyota Camry ya mke iliyopita maili 190,000 na kuanza kula oili. Hiyo Camry ndiyo ilitakiwa kubadilishwa, na gari jipya lilitarajiwa kufanya kazi mbili: kumpeleka mke zamuni usiku na kubeba abiria wikendi.

Kuna jambo la hali ya hewa ambalo msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anapaswa kulishika tangu mwanzo. Mwezi Januari, wastani wa joto la chini kabisa la usiku Minneapolis ni kama nyuzi 13 chini ya sifuri za Selsiasi, na wimbi la baridi likiingia hushuka mpaka 25 chini ya sifuri na zaidi. Katika baridi ya namna hiyo gari la umeme hupoteza sehemu kubwa ya masafa yake, kwa sababu betri baridi haitoi nguvu vizuri na kupasha joto ndani ya gari kunatumia umeme ule ule wa kuendeshea.

Mjadala ulianzishwa na binamu ya mume. Alikuwa amekodi Hyundai Ioniq 6 kwa mkataba wa miaka mitatu, kwa malipo madogo ya mwezi, na kila walipokutana alisimulia jinsi inavyochajiwa kwa dakika 18. Mke alikuwa anaiangalia Tesla Model 3, kwa sababu wenzake wawili wa zamuni walikuwa nayo.

Magari yenyewe

Kwenye karatasi utashindwa kuchagua. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilipima Ioniq 6 SE ya betri kubwa yenye mota moja nyuma kuwa inafika maili 361. Model 3 Long Range ya mota moja nyuma ilipewa maili 363. Kwa ulaji wa umeme, zote mbili ziko kwenye uniti 24 hadi 25 kwa kila maili 100, ukichukulia uniti ni ile ile kilowati-saa tunayoijua kwenye bili za nyumbani. Bei ya orodha ya kila moja mwaka 2024 ilikuwa dola elfu arobaini na mbili na ushee.

Tofauti halisi zilikuwa chache. Ioniq 6 ina mfumo wa volti 800, na ukiipata chaja ya kilowati 350 betri hutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18 kweli, kama alivyosema binamu. Model 3 kwa kazi hiyo huchukua karibu nusu saa. Tesla ilikuwa na mtandao wake wa chaja za haraka, Supercharger, uliotapakaa, ambao vuli ya 2024 magari ya Hyundai yalikuwa bado hayajafunguliwa. Yalifunguliwa mapema 2025, kwa kutumia adapta. Hata hapo kuna jambo la kulijua: chaja za Tesla za kizazi cha V3 hazifiki volti 800, hivyo Ioniq 6 ikichomekwa kwenye hizo haiipati ile kasi ya dakika 18. Sifa hiyo ni ya gari na kituo kwa pamoja.

Mkataba wa kukodi

Familia ilianza kwa Hyundai. Muuzaji aliwaeleza jambo ambalo wengi hawalijui, na alisema kweli: Ioniq 6 iliunganishwa Korea Kusini, hivyo aliyeinunua hakustahili punguzo la kodi la serikali kuu la dola 7,500. Lakini ukiikodi kwa mkataba, mnunuzi kisheria ni kampuni ya fedha, na punguzo la magari ya biashara halikuuliza gari limeunganishwa wapi. Kampuni ya fedha ilipokea dola 7,500 na kuzishusha kwenye malipo yako. Ndiyo maana binamu alikuwa analipa kidogo.

Nilipoombwa ushauri, sikuanza na gari. Niliwaambia wakae mezani waandike maili. Mke: maili 52, mara tatu kwa wiki, wiki 50, ni maili 7,800. Mume: takriban maili 110 kila siku ya wikendi, wiki 45, ni 9,900. Mizunguko ya familia wakaiweka 4,000. Jumla ni maili 21,700 kwa mwaka.

Mkataba ulikuwa wa maili 12,000 kwa mwaka, na kila maili ya ziada ni senti 20. Ziada yao ni maili 9,700 kwa mwaka, yaani 29,100 kwa miaka mitatu, sawa na dola 5,820 zinazodaiwa siku ya kurudisha gari. Ile zawadi ya dola 7,500 ilikuwa imebaki mifupa. Kisha mume akasoma mkataba wote, jambo ambalo nampongeza, na kukuta kifungu kinachokataza gari kutumika kubeba abiria kwa malipo. Kwa wikendi moja ya kazi angekuwa amevunja mkataba.

Walimuuliza binamu kuhusu kifungu hicho. Hakuwahi kukisoma, lakini yeye habebi abiria na haendeshi hata maili 9,000 kwa mwaka. Mkataba wake ni mzuri sana kwake. Hapo ndipo ushauri wa ndugu huwa unapotosha bila nia mbaya: anakupa jibu sahihi la hesabu yake.

Njia ya tatu ilikuwepo, ya kukodi kisha kulinunua gari mapema kutoka kampuni ya fedha ili kuvuna lile punguzo. Kuna waliofanya hivyo wakafaidika. Kwa familia hii ada ya kufungua mkataba na riba ya mkopo wa pili vilipunguza faida mpaka ikawa haifai usumbufu, na wakaiacha.

Upande wa Tesla, Model 3 Long Range ilistahili punguzo kwa mnunuzi wa kawaida, mradi pato la mwaka la mume na mke wanaowasilisha kodi pamoja lisizidi dola 300,000. Tangu Januari 2024 mnunuzi aliweza kumwachia muuzaji punguzo hilo akakatiwa bei palepale, hata kama kodi anayodaiwa ni ndogo kuliko dola 7,500. Kwa familia zetu nyingi kipengele hiki cha mwisho kilikuwa kikubwa, kwa kuwa mwenye watoto na pato la kati mara nyingi hadaiwi kodi ya kufikia kiasi hicho.

Siku ya kuyajaribu

Waliyajaribu yote mawili Jumamosi moja, na niliwaomba waende na vitu viwili: bibi wa watoto, yule mama mzaa mume, na mabegi mawili makubwa ya safari.

Mabegi kwanza. Mtu wetu anayetua kutoka Nairobi au Dar huja na mabegi mawili ya kilo 23, na abiria wa aina hiyo ndio riziki ya mume. Buti la Ioniq 6 ni futi za ujazo 11.2, karibu lita 317. Begi la kwanza liliingia likalala. La pili lilikwama mdomoni, kwa sababu mlango wa buti ni mwembamba na paa linashuka kwa mteremko mkali. Mume aliligeuza, akalisimamisha, akalilaza ubavu, na mwishowe akalipeleka kiti cha nyuma. Tesla inataja lita 594 nyuma na 88 chini ya boneti. Watengenezaji hawapimi kwa namna moja, kwa hiyo nisingetegemea namba peke yake, lakini mabegi yote mawili yaliingia, na chini ya sakafu ya buti kukabaki shimo la kutosha begi dogo.

Bibi naye alikuwa na hukumu yake. Kiti cha nyuma cha Ioniq 6 kina nafasi ya miguu ya kifahari. Alinyoosha magoti akasema hapo angeweza kusafiri mpaka mwisho wa dunia. Kilemba chake kiligusa paa kidogo. Kwenye Model 3 alikaa magoti yakiwa juu, na alipotaka kutoka hakuona mkono wa kufungulia mlango. Ni kitufe cha umeme, na mtu asiyekijua hukitafuta.

Mume aliipenda Ioniq 6 akiwa dereva. Ina kijiti cha indiketa mahali pake na vitufe vya joto vilivyotengwa na skrini kubwa. Model 3 ya 2024 haina vijiti kabisa. Indiketa ni vitufe kwenye usukani, na gia unazichagua kwa kutelezesha kidole kwenye skrini. Viunga vya Minneapolis vina mizunguko mingi ya barabara, na kwenye mzunguko usukani ukiwa umegeuka vitufe navyo vimegeuka. Aliwasha ya kushoto akitaka ya kulia, gari la nyuma likampigia honi.

Basi kwa starehe ya abiria na raha ya dereva Ioniq 6 ilikuwa mbele, na sikutaka tulifiche hilo.

Boksi la umeme na gari lisilolala nyumbani

Mpango wa mume kuhusu kuchaji ulikuwa ule wa kila mtu: gari linachomekwa usiku, umeme ukiwa wa bei nafuu, asubuhi limejaa. Mke alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Baba watoto, hili gari usiku liko hospitali.”

Kweli. Usiku tatu kwa wiki gari lingekuwa kwenye maegesho ya ghorofa ya hospitali, pasipo soketi, kwa saa 12. Lingerudi nyumbani saa mbili kasoro asubuhi, umeme unapoanza kuwa wa bei ya mchana.

Fundi umeme alipokuja aliongeza la pili. Nyumba ina swichi kuu ya ampea 100, na tayari kuna jiko la umeme, mashine ya kukausha nguo na kiyoyozi. Saketi ya ampea 60, inayolisha chaja kubwa ya nyumbani, isingeingia bila kubadilisha boksi zima, kazi ya maelfu ya dola. Alichoweza kuwapa ni saketi ya volti 240 ya ampea 20. Kanuni za umeme za Marekani zinataka mzigo unaodumu kwa saa nyingi usizidi asilimia 80 ya saketi, kwa hiyo gari lingepata ampea 16, yaani kilowati 3.84.

Mume alikata tamaa. Binamu alikuwa na chaja ya kilowati 11. Tukapiga hesabu upya, safari hii tukifuata wiki na si usiku mmoja. Saa tisa za umeme nafuu kwa kilowati 3.84 ni uniti 34 na nusu. Gari linalala nyumbani usiku wa Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Usiku tatu tu kati ya hizo hutoa uniti zaidi ya 100, na betri nzima ni kama 80. Mume akipitia chaja ya haraka kabla ya kurudi Jumapili, mke angeanza zamu ya siku hiyo na betri iliyojaa, akafanya zamu tatu mfululizo za maili 156 bila kuchomeka popote, na Jumatano gari likarudi kwenye soketi.

Hesabu hiyo ilibadilisha mambo mawili. Boksi la umeme halikuhitaji kubadilishwa. Na kasi ya dakika 18, hoja kuu ya binamu, ilipoteza uzito, kwa kuwa gari lingekutana na chaja ya haraka wikendi za mume tu. Kwa wikendi hizo, Supercharger zilizo karibu na njia ya uwanja wa ndege zilikuwa na faida kuliko kasi ya chaja iliyo mbali.

Uamuzi

Oktoba 2024 walinunua Model 3 Long Range kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, punguzo la dola 7,500 likakatwa kwenye bei. Sababu zilizowabeba, kwa uzito wake: hakuna kikomo cha maili wala marufuku ya abiria, buti, vituo vya kuchaji njiani, na dhamana ya betri.

Hii ya dhamana inahitaji maelezo, maana ilikuwa inawavuta upande wa pili. Hyundai ilitoa miaka 10 au maili 100,000 kwa betri, Tesla miaka 8 au maili 120,000 kwa modeli hii. Macho ya kila mtu huenda kwenye miaka. Kwa anayetembea maili 21,700 kwa mwaka, dhamana ya Hyundai ingekwisha baada ya miaka minne na nusu hivi, ya Tesla baada ya mitano na nusu. Isitoshe, dhamana ya miaka 10 ya Hyundai kwa mfumo wa kuendesha gari huyaweka kando magari ya kibiashara. Niliwashauri waombe jibu la maandishi kama kubeba abiria wikendi kunahesabiwa biashara. Hawakulipata.

Waliuliza pia kuhusu wito wa kurejesha magari, yaani pale mtengenezaji anapoyaita yenye kasoro yarekebishwe. Machi 2024 Hyundai ilikuwa imeita magari karibu 99,000 Marekani kwa hitilafu ya kifaa kinachochaji betri ndogo ya volti 12, hitilafu inayoweza kulipokonya gari nguvu likiwa njiani. Novemba yake, wao wakiwa wameshanunua, wito ulipanuliwa kufikia zaidi ya 145,000. Tesla nayo ilikuwa imeita magari zaidi ya milioni 2 Desemba 2023 kwa sababu ya Autopilot, mfumo wake wa kumsaidia dereva kuendesha, na marekebisho yalitumwa hewani kama programu. Ukilinganisha idadi peke yake utapotea: wito mmoja unamtaka mwenye gari aende karakana, mwingine unamkuta amelala. Kwa muuguzi anayetoka zamu kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, uwezekano wa kukwama barabarani ulikuwa na haki ya kuhesabiwa, na aliuhesabu.

Msimu wa kwanza wa baridi

Mambo mawili yalienda vibaya mapema.

La kwanza ni bima. Waliomba bei ya bima baada ya kuagiza gari. Ilikuja juu ya makadirio yao kwa zaidi ya dola 90 kwa mwezi, kwa sababu ya aina ya gari pamoja na nyongeza ya kubeba abiria. Bima ya kawaida haimlindi dereva pindi anapowasha programu, hivyo nyongeza hiyo si ya hiari.

La pili ni ruhusa ya chama cha wenye nyumba. Fundi hakuweza kutoboa ukuta wa banda mpaka kamati iidhinishe, na kamati ilichukua wiki sita. Kwa wiki hizo walichaji kwenye soketi ya kawaida ya volti 120 na ampea 12, kilowati 1.44. Oktoba haikuwa shida. Mwishoni mwa Novemba baridi ilipokaza, mke aliamka alasiri moja akakuta gari limechomekwa tangu asubuhi na asilimia imepanda kidogo mno. Katika baridi ya namna hiyo sehemu kubwa ya umeme mdogo huishia kuipasha betri joto kabla haijaanza kupokea chaji. Saketi ya volti 240 ilipofungwa Desemba tatizo liliisha.

Wimbi kubwa la baridi la Januari 2025 lilikuwa mtihani wenyewe. Safari ya maili 52 ilikula umeme ambao kiangazi ungetosha maili 80. Zamu tatu zikawa sawa na maili 240 za karatasi, wakati betri iliyochajiwa mpaka asilimia 80, kama inavyopendekezwa kwa matumizi ya kila siku, ina kama 290. Ilitosha, kwa masharti: alizima kamera za ulinzi gari likiwa maegeshoni, alipasha joto kwa simu dakika chache tu kabla ya kutoka wodini, na mbele ya wiki za baridi kali walipandisha chaji mpaka asilimia 90. Wiki moja alichukua zamu ya nne. Hiyo ndiyo wiki pekee waliyochaji mchana kwa bei kamili.

Vishikio vya mlango vilivyozama ndani ya bodi viliganda barafu. Njia aliyoizoea ni kupiga pembeni ya kishikio kwa ubavu wa ngumi, mara mbili, mpaka barafu ivunjike. Ioniq 6 nayo ina vishikio vilivyozama. Binamu alikuwa anaimwagia maji ya uvuguvugu, jambo nisilomshauri mtu katika baridi ile.

Mume aliacha kubeba abiria Januari mpaka Machi. Safari fupi fupi zenye milango inayofunguliwa kila baada ya dakika kumi ziliifanya hita inywe betri, na nusu saa ya kusubiri kituoni ilikuwa saa ya kazi iliyopotea. Aprili alirudi, Jumamosi tu. Mwaka wa kwanza ulifungwa kwa maili karibu 16,000.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni kuandika wiki nzima ya gari: liko wapi, saa ngapi, nani analiendesha. Bila karatasi hiyo wangelipa maelfu kubadilisha boksi la umeme lisilohitaji kubadilishwa, na wangenunua kasi ya kuchaji ambayo isingetumika. Sentensi moja ya mke kuhusu gari kuwa hospitali usiku ilikuwa na thamani kuliko mapitio yote ya magari tuliyosoma, na mume alikuwa mwepesi wa kuipokea. Nimeona nyumba ambazo anayelipa gari ndiye anayechagua, na anayeliendesha usiku haulizwi.

Kupeleka mabegi na bibi kulikuwa na maana ile ile. Muuzaji hukuzungusha dakika kumi barabarani, na katika dakika kumi gari lolote jipya la umeme linapendeza.

Kilichoshindwa ni mpangilio wa hatua. Bima na ruhusa ya chama cha wenye nyumba vilipaswa kuja kabla ya kuagiza. Vyote viwili ni simu na barua pepe tu, havigharimu kitu. Mimi nawaambia watu sasa: usitie sahihi bila bei ya bima iliyoandikwa kwa namba ya gari lenyewe.

Kisha kuna zile maili 21,700 ambazo zikawa 16,000. Mtu anaweza kusema hesabu iliyoukataa mkataba wa kukodi ilikuwa ya uongo. Siafiki. Hata kwa 16,000 ziada ingekuwa maili 4,000 kwa mwaka, dola 2,400 kwa miaka mitatu, na kifungu cha abiria kingebaki palepale. Uzito zaidi nauona kwenye hili: kwa kumiliki gari, mume aliweza kuacha kazi ya wikendi baridi ilipomzidi na kuirudia alipotaka, bila kumwomba mtu. Ila mapato ya wikendi waliyapanga kama ya mwaka mzima, na kwenye marejesho ya mkopo pengo la miezi mitatu lilionekana. Hapo makadirio yalikuwa na matumaini kupita kiasi.

Ioniq 6 haikushindwa kwa ubora. Kama mume asingebeba abiria, ningewaambia waikodi. Mke peke yake na safari za nyumbani wangekuwa chini ya maili 12,000, punguzo lingebaki mikononi mwao lote, na bibi angepata magoti yake. Gari lile lile, familia ile ile, kazi moja ya wikendi ikiondolewa, jibu linageuka.

Kwa anayepiga hesabu hii sasa

Sheria iliyotiwa sahihi Julai 4, 2025 ilifuta punguzo la magari mapya, lile la dola 4,000 la magari yaliyotumika, na lile la biashara lililoshusha bei za kukodi, kwa magari yote yaliyopatikana baada ya Septemba 30, 2025. Kwa hiyo ile njia ya Ioniq 6 kupitia mkataba haipo tena kisheria. Ukiona malipo ya kukodi ni madogo, ni kampuni yenyewe imeamua kupunguza, na inaweza kuacha mwezi ujao. Tesla nayo Oktoba 2025 ilileta Model 3 Standard ya dola 36,990 yenye maili 321, ikiwa na vitu vichache ndani. Kwa ratiba ya muuguzi huyu, maili 321 kwa asilimia 80 ni kama 257. Zamu tatu za baridi kali, zilizokula sawa na 240, zingemwachia nafasi ndogo mno, na angelazimika kuchaji mpaka asilimia 90 au zaidi kila Jumapili majira yote ya baridi. Kwa anayeishi Texas au Georgia namba hiyo hiyo ingetosha na kubaki.

Familia sasa inafikiria kubadilisha lile gari kubwa la watoto. Mke ameshaanza kuandika wiki yake, na safari hii barua ya chama cha wenye nyumba imetangulia.